Siku nne na risasi ya Mjerumani chini ya kitanda

Msomaji wangu, Aprili mwaka jana keja yangu ya Pipeline ilikuwa na vitu viwili ambavyo kijana wa umri wangu hafai kuwa navyo kwa pamoja: deni la kodi ya miezi miwili, na risasi. Deni nililijua vizuri. Risasi nilidhani ni pambo tu.

Wacha nikupeleke polepole.

Rafiki yangu mmoja, tuliyeanza naye chuo kabla karo haijanitoa mbio mwaka wa pili, kwao ni Taveta. Nyanya yake ana shamba upande wa kilima cha Salaita, pale barabara ya kutoka Voi inapokaribia mji. Tulienda huko kurekodi video. Nilikuwa nimesoma kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia, ambavyo shuleni tulivisoma kama ugomvi wa Ulaya, vilipiganwa pia hapa kwetu, na kwamba jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka likashika Taveta kuanzia Agosti 1914 hadi Machi 1916. Mwaka mmoja na nusu, ndani ya Kenya! Nikaona hiyo ni kontenti ya bure.

Siku ya pili kijana mmoja wa kuchunga mbuzi, kama miaka 12 hivi, alituletea mkebe wa Kimbo. Ndani mlikuwa na kitufe cha chuma, maganda saba ya risasi yaliyoshika kutu ya kijani, na risasi moja nzima. Nzima kabisa: ganda lake, na kichwa bado kimekaa juu, kijivu, butu, kinene karibu kama kidole changu cha mwisho. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia.

Nikampa 200. Maganda matupu sikuyataka, nikamwambia iliyo nzima ndiyo inayopendeza kwenye picha. Kumbuka maneno hayo, tutayarudia.

Kurudi Nairobi nilipanda basi la usiku. Ningepanda SGR, mbwa wa stesheni wangeninusa na hadithi hii ungeisoma kwenye habari za mahakama.

Nilipofika nikaweka picha mtandaoni. Kabla chai haijapoa, watu wawili walikuwa wameniandikia. Wa kwanza alisema hukusanya risasi za zamani na angenipa dola 80. Hiyo ni zaidi ya elfu kumi, na kodi niliyokuwa nadaiwa ilikuwa elfu kumi kamili. Manze, hesabu zilikubaliana kama zimepangwa na malaika. Sharti lake lilikuwa moja tu: nishike kichwa kwa koleo, niking'oe, nimwage unga ulio ndani, halafu nimtumie iliyo tupu.

Wa pili alikuwa mzee Mmarekani, fundi mstaafu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi. Alitaka picha ya kitako, na aliomba nisiiguse kwa koleo.

Risasi ya aina hii ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba. Kuna kidonge cha kuwashia, kilichozama katikati ya kitako, ambacho wazee walikiita fataki. Kuna baruti. Na kuna kichwa cha madini ya risasi. (Kiswahili chetu hapa hakijifichi: madini na kitu kinachoua vina jina moja.) Bunduki ikifyatuliwa, sindano hugonga kidonge na kuacha kibonyeo. Nilirudi kwenye video zetu nikatazama yale maganda saba. Yote yalikuwa na kibonyeo. Yangu kitako chake kilikuwa sawasawa kama sarafu mpya.

Mzee akaandika: hiyo haijawahi kufyatuliwa. Nikamjibu kwa ujuaji wa mtu aliyefika mwaka wa pili wa uhandisi wa mitambo kwamba kitu hicho kina zaidi ya miaka 100, baruti yake ilishakufa. Akanijibu kwamba baruti nyeusi haifi.

Akanieleza kwa nini. Baruti nyeusi ni mchanganyiko tu wa shura, makaa ya mti na salfa, vilivyosagwa vikakaa pamoja kama viungo vya pilau. Baruti za kisasa ni kemikali zinazoweza kuoza polepole zenyewe. Hii nyeusi haina tabia hiyo. Ikipata maji inaharibika, lakini ikibaki kavu ndani ya ganda lililozibwa vizuri, miaka 100 kwake ni usingizi wa mchana. Na inaamka haraka: cheche moja yatosha, au kidonge kikibanwa vibaya na mtu mwenye koleo na deni la kodi.

Nikaishika kwa vidole viwili, nikaivisha soksi, nikaisukuma chini ya kitanda, mbali na meko ya gesi. Halafu nikalala juu yake. Usiniulize kwa nini. Wewe unayejua keja za Pipeline, niambie ningeiweka wapi.

Usingizi haukuja. Kwa hivyo nilimwandikia tena mzee, na usiku huo na uliofuata tulipiga stori hadi bando ikaisha. Kumbe kuna watu duniani, na si wachache, ambao starehe yao ni kukusanya bunduki za miaka ya 1870 na 1880 na kuzitengenezea risasi kwa mkono. Kwao Marekani, sheria ya taifa huihesabu bunduki iliyotengenezwa kabla ya 1899 kuwa kitu cha kale. Mtu anaweza kuinunua kama anavyonunua saa ya babu. Shida ni chakula chake. Viwanda viliacha kutengeneza nyingi za risasi hizo zamani. Ukiitaka iseme, unapika mwenyewe.

Na ni mapishi kweli. Ganda moja hutumika mara nyingi, kwa hivyo hutunzwa kama sufuria ya mama mkwe. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kula shaba, basi mzee huenda uwanjani na chupa ya maji ya sabuni na kutumbukiza kila ganda humo likiwa bado na joto. Madini ya risasi huyeyushwa na bati kidogo ili yakaze, yakamiminwa kwenye kalibu. Kichwa kikishapoa huvishwa karatasi. Hapo ndipo aliponishika. Karatasi nyembamba, imeloweshwa, inazungushwa mara mbili kwa vidole, mkia unasokotwa chini. Ikikauka inabana kama ngozi ya ngoma. Kazi yake ni kuzuia madini laini yasisuguane na chuma cha mtutu, na kichwa kikishatoka nje karatasi hiyo hupasuka vipande vipande, ikaanguka mbele ya mlengaji kama zile za kurushia maharusi.

Baruti nayo humiminwa kupitia bomba refu jembamba, polepole, ili punje zijipange zenyewe. Kati yake na kichwa huwekwa kisahani cha nta cha kulainisha masizi, na nafasi tupu haibaki hata kidogo, kwa kuwa hewa ikiachwa hapo yaweza kuvimbisha mtutu. Mzee alisema risasi 50 humla Jumamosi nzima. Nilimuuliza kama si afadhali atazame mpira. Akacheka, akanitumia video ya Forsyth, mji mdogo wa Montana ambako kila Juni wenzake hukutana kulenga shabaha za chuma, ya mbali kabisa ikiwa karibu yadi 800. Unafyatua, wingu la moshi linakufunika, unangoja, unangoja, kisha kutoka mbali unasikia "ting!"

Nakuambia haya uyajue, usiyajaribu. Kwetu Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kukutwa na risasi bila leseni ni kesi, na hakimu hatakuuliza kama ilikuwa ya kizamani.

Lakini huo moshi ndio ulionirudisha Salaita. Mzee aliitambua risasi yangu kwa umbo: ni ya bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, milimita 11. Gramu 5 za baruti zikisukuma gramu 25 za madini. Unaingiza moja, unafyatua, unafungua, unatoa ganda, unaingiza nyingine. Kwenye kitako kulikuwa na herufi na tarakimu zilizogongwa kiwandani. Zilikuwa zimelika, nikasoma 8 tu. Kwa wakusanyaji hiyo ndiyo hati ya kuzaliwa: kiwanda gani, mwaka gani. Yangu ilibaki bila jina la baba.

Sasa sikiza. Ufaransa ilianza kutumia baruti isiyo na moshi mwaka 1886, na majeshi makubwa ya Ulaya yakaifuata. Wajerumani wenyewe nyumbani kwao waliibadilisha bunduki hiyo ya 1871 miaka mingi kabla ya 1914. Zile kuukuu zilienda wapi? Zilikuja huku. Vita vilipoanza, jeshi lao la Tanganyika lilikuwa na askari Waafrika karibu 2,500, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine, na sehemu kubwa yao walikuwa bado wamebeba hiyo ya moshi. Ni kama upewe simu ya mulika mwizi uambiwe ukashindane na mwenye simu ya kamera tatu. Tofauti ni kwamba hapa anayeshindwa anazikwa.

Jiweke mahali pa huyo askari. Umejificha nyuma ya kichaka cha miiba pale Salaita, jua la Taveta linakuchoma mgongo, adui haonekani. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki kuwa hewa, inatoka kama moshi na masizi. Ukifyatua mara moja tu, wingu jeupe linapanda juu ya kichaka chako, linakaa hapo kama kidole kinachokuonyesha. Wewe huoni mbele. Wao wanakuona. Jenerali wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliandika baada ya vita kwamba kasoro hiyo iliwaumiza vibaya porini. Yeye aliandika kitabu. Aliyekuwa chini ya moshi hakuandika.

Ndiyo maana Tanga iliwafaa sana. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha pale kikosi cha watu karibu 8,000 kutoka India, wakapigwa na kikosi kidogo mno kuliko chao, na nyuki nao wakaingia vitani wakauma kila mtu. Hadithi ya nyuki husimuliwa kila mara kwa sababu inachekesha. Kwa askari, jambo kubwa lilikuwa yale Waingereza waliyoacha nyuma walipokimbilia melini: bunduki za kisasa za kutosha kampuni tatu, na risasi 600,000 zisizo na moshi. Kuna watu walioingia Tanga na wingu juu ya vichwa vyao na wakatoka bila wingu.

Na kama unadhani kufungua na kupakia risasi kwa mkono ni starehe ya wazungu wastaafu, kuna ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilikimbilia humo ikifukuzwa na manowari ya Uingereza. Ikapigwa, ikazama kwenye maji yasiyo na kina. Wapiga mbizi wakatoa shehena, bunduki na risasi kwa wingi, zote zimelowa maji ya chumvi. Ikabidi risasi zifunguliwe, baruti isafishwe, vidonge vilivyoharibika vibadilishwe, zifungwe upya. Hizo zilikuwa za kisasa, lakini kazi ni ile ile ya yule mzee na Jumamosi yake, ila hapa hapakuwa na anayesikiliza "ting". Hata baada ya taabu yote hiyo, nyingi ziligoma kulipuka.

Halafu kuna uzito. Ukijumlisha baruti, kichwa na ganda, risasi moja kama yangu ni gramu 40 na ushee. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu kilo 25. Piga hesabu, toa uzito wa sanduku: risasi kama 500 hivi, juu ya kichwa cha mtu mmoja, ambaye naye lazima ale, na chakula chake nacho lazima kibebwe na mwingine. Pande zote mbili zilibeba hivyo. Upande wa Waingereza walikamata vijana kutoka kila kona ya nchi hii wakawatia kwenye kikosi cha wapagazi, kile kilichoitwa kwa Kiingereza jina ambalo midomo yetu ililigeuza Kariokor. Ndiyo, ile ile Kariokor unayoenda kula nyama choma na kununua viondo. Zaidi ya 40,000 kati yao walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, siyo kwa risasi. Ukipita Kenyatta Avenue, tazama zile sanamu tatu. Yule asiye na bunduki ndiye huyo.

Siku ya tatu yule wa dola 80 alinikumbusha. Akapandisha hadi 100. Sitakudanganya kwamba nilikataa papo hapo. Niliitoa soksi chini ya kitanda, nikaiweka mezani, nikaitazama. Keateka wa ploti alikuwa ameshagonga mlango asubuhi hiyo mara mbili. Koleo nilikuwa nayo. Kilichonizuia si ujasiri wala busara, ni ile picha ya kitako kisicho na alama. Niliona vidole vyangu, halafu nikaona kuta za ploti, ambazo ukipiga chafya jirani anakwambia "afya".

Siku ya nne nikampigia mjomba wangu, polisi mstaafu. Nilitaka kuipeleka kituoni mwenyewe. Kwanza alinyamaza. Halafu akaniuliza, "Wewe kijana, na hizo rasta zako, unataka kutembea Pipeline hadi kituoni na risasi mfukoni?"

Msomaji, kama wewe ni kijana wa Nairobi, hapo huhitaji ufafanuzi.

"Usiibebe. Usiiguse. Toka nje, funga mlango, ningoje," akasema. Akampigia mkuu wa kituo, akaja mwenyewe, akaja na maafisa wawili. Ploti nzima ilitoka kwenye korido kutazama. Afisa mmoja aliinama, akamulika soksi kwa tochi ya simu, akaniuliza kwa sauti ya kazi, "Na bunduki yake iko wapi?"

"Afande, bunduki yake iliondoka 1916."

Hakucheka. Mjomba ndiye aliyecheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichoniokoa. Wataalamu wakaitwa, nikaandika taarifa kurasa mbili, nikapewa namba ya OB. Risasi ikaenda kuharibiwa. Keateka, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, alinipa wiki mbili zaidi za kodi bila kuombwa. Sijui aliniogopa au alinihurumia.

Usiku huo nilimpigia rafiki yangu amwonye nyanya yake kuhusu ule mkebe. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Bro, kuna kitu sijakuambia." Yule kijana alikuwa ameshapata nyingine mbili. Nzima. Alikuwa amewaambia wenzake kuna msee wa Nairobi anayelipa 200 kwa zile ambazo bado zina kichwa, na watoto wanne walikuwa wakichimba pale kilimani kila jioni baada ya kufunga mbuzi. Mmoja alikuwa akizigonga kwenye jiwe ili mchanga udondoke.

Nilikaa chini sakafuni.

Nyanya alimwita naibu wa chifu usiku uo huo, na asubuhi polisi wa Taveta wakaja kuzichukua, zikaondoka vile vile zilivyokuwa, ndani ya mkebe. Watoto walikaripiwa, wakaonyeshwa picha ya kitako na kuambiwa wakiona kitu kama hicho wasikiguse, waende kumwita mtu mzima. Rafiki yangu anasema wanachunga upande mwingine sasa.

Yule kijana ana namba yangu, ananipigia kwa simu ya nyanya. Risasi hata hazitaji. Anataka kujua mkebe wake wa Kimbo utarudi lini kutoka kituoni, na 400 zake nitatuma kwa M-Pesa ya nani.